Funzo la Gharika ya Florence kwa Wajalidi

Tarehe 4 Novemba 1966, Mto Arno ulifurika na kuuvamia mji wa Florence, Italia. Maktaba Kuu ya Taifa iko ukingoni mwa mto huo, na vitabu, hati na magazeti takriban milioni moja vilizama katika maji yaliyochanganyika na tope na mafuta mazito. Vijana wa mataifa mengi, walioitwa "malaika wa tope", walivitoa wakipokezana mkono kwa mkono. Vingine vilikaushwa katika mabanda ya kukaushia tumbaku.

Kabla ya hapo, kukarabati kitabu cha kale mara nyingi kulimaanisha kukijalidi upya: jalada kuukuu likang'olewa, kingo za kurasa zikapunguzwa, ngozi mpya ikabandikwa. Lakini ngozi mpya haikuwa lazima iwe bora. Mwanzoni mwa karne ya 20, kamati ya Royal Society of Arts ya Uingereza ilichunguza kwa nini majalada ya karne ya 19 yalikuwa yakimomonyoka na kuwa unga mwekundu. Ilitaja usindikaji wa haraka, asidi iliyotumiwa katika kutia rangi, na moshi wa taa za gesi.

Gharika ilitoa ushahidi mwingine. Miongoni mwa mafundi waliotoka Uingereza chini ya Peter Waters alikuwamo Christopher Clarkson. Aliona kwamba vitabu vya kale vyenye majalada laini ya ngozi ya mnyama, iliyowambwa na kukaushwa bila kusindikwa, vilistahimili maji kuliko vingi vilivyopambwa kwa fahari. Sababu ilikuwa katika muundo. Jalada halikugandishwa mgongoni kwa gundi nzito. Lilishikwa na kamba za mshono zilizopenyezwa ndani yake. Kurasa zilipovimba, zilipata nafasi ya kutanuka. Clarkson alichapisha utafiti wake kuhusu muundo huo mwaka 1982, na wajalidi wa leo bado wanautumia.

Uokoaji wenyewe uliacha hasara. Ili kuosha tope, vitabu vingi vilifumuliwa, na majalada mengi yakatengana na kurasa zake. Ulipotea pia ushahidi wa fundi aliyeyatengeneza: aina ya uzi, mpangilio wa matundu ya sindano, namna kamba zilivyofungwa.

Ndiyo maana uhifadhi wa sasa unaanza kwa kuchunguza na kuandika kila kilichopo. Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, yenye nyuzi ndefu imara, na gundi ya wanga wa ngano inayoweza kulainishwa tena kwa maji, ili fundi ajaye aweze kuiondoa. Kitabu kisichohitaji sindano hutengenezewa sanduku la kipimo chake. Jalada kuukuu lina haki ile ile ya kuhifadhiwa kama maandishi linayoyakinga, na mjalidi anayelitupa anafuta historia ambayo haiwezi kuandikwa tena.