Mpira wa Ekseli katika Nchi ya Chai

Mtu atakaye kujua tarikhi ya gari katika nchi ya chai asiishie kuyatazama mashamba makubwa ya Kericho na barabara zao zilizopangwa miti. Na ateremke hadi Roret, katika Bureti, si mbali na Litein, aingie gereji yoyote iliyo wazi kwa jua na mvua, autazame mpira mweusi wenye makunjo, uliopasuka na kutupwa chini juu ya udongo mwekundu uliolowa grisi. Mpira huo ufunikao kiungo cha ekseli, ambao mafundi huuita buti, ni mdogo na bei yake si ya kutisha; walakini kazi ya kuubadilisha haikujulikana hapa zamani, na kuja kwake kwafungamana na habari ya nani alimiliki gari na nani alilitazama likipita.

Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, gari lilikuwa la bwana shamba na la serikali. Nao Wakipsigis, wenye nchi, hawakupata ruhusa ya kupanda chai yao wenyewe hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Land Rover, iliyotokea 1948, viungo vya ekseli yake ya mbele vilikaa ndani ya tufe la chuma lenye oili. Malori, na zile Peugeot 404 na 504 za stesheni wagoni ambazo wasafiri wa Bonde la Ufa walibanana ndani yake miaka mingi, yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, na ekseli ilifichwa katika ganda la chuma. Magari ya namna hiyo yalikwama kwa matope, yakavunjika springi, lakini hayakuwa na buti la mbele la kupasuka.

Kiungo chenyewe ni cha kale kuliko wengi wadhaniavyo. Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, alikibuni katika miaka ya 1920: gololi 6 zinazotembea katika mifereji, hata gurudumu likatwe upande gani nguvu huenda sawasawa bila kusita. Gari dogo la Mini lilikieneza tangu 1959, na Toyota Corolla ikahamia kuvutwa na magurudumu ya mbele mwaka 1983. Ila gololi hizo huishi kwa grisi, na grisi hukaa ndani ya mpira tu. Mpira ukichanika, mchanga na maji huingia, na grisi hugeuka kinoo kinachosaga chuma.

Huku milimani hali nayo ilikuwa imebadilika. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa 1964, na mwenye ekari moja akaanza kupeleka majani yake katika kituo cha kununulia, akangoja malipo ya mwisho wa mwaka, ile bonasi itolewayo aghalabu mwezi wa Oktoba. Baadaye bandari ya Mombasa ikafunguka kwa magari yaliyotumika Japani, na Probox, nayo ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, iliyotoka kiwandani 2002, ikapanda mpaka vijiji ambavyo Peugeot ilifika kwa shida. Gari lililoundwa kwa lami ya Japani likatiwa katika njia za chai, chini ya mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka pale Kericho, likipakiwa watu na magunia kupita kiasi. Sioni ajabu kwamba mpira ulishindwa; ajabu ni kwamba hudumu kadiri udumuvyo.

Fundi huanza kwa kulegeza nati kuu ya ekseli gari lingali limekanyaga chini, maana likiinuliwa gurudumu huzunguka na spana haina pa kushindania. Kisha hutia jeki, huweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, hutoa gurudumu, huachanisha mkono wa chini na kuivuta ekseli nje. Buti la kale hukatwa kwa kisu. Kiungo hupigwa nyundo pigo moja la hakika katika chuma cha ndani, wala si katika kizimba cha gololi, nacho huachia. Huoshwa kwa petroli hadi kimetemete, na hapo ndipo ustadi ulipo, kwa kuwa fundi hupitisha kucha katika mifereji: ikiteleza, kiungo ni kizima. Ikinasa katika vishimo, buti jipya ni hasara tupu. Grisi nyeusi hushindiliwa kwa vidole hadi itokeze upande wa pili, buti huvishwa, na kabla ya kukaza klipu ya mwisho huchomekwa bisibisi chini ya ukingo wa mpira ili hewa itoke. Wapo wanaofunga kwa mpira wa tyubu badala ya klipu. Kazi hiyo hufika sokoni, hairudi.

Kosa kubwa, hata hivyo, aghalabu si la fundi. Dereva huona grisi imerukia upande wa ndani wa rimu, akasema kazi itangoja bonasi, akaendelea hivyo hadi asikie mlio wa ka-ka-ka anapokata kona ya kituo cha chai. Na hapo hana budi kununua kiungo kizima, mara nyingi kilichong'olewa katika gari kuukuu la Japani, na buti linalokuja nacho limezeeka pamoja nacho, hata fundi mwaminifu hulikata na kuvisha jingine kabla hajakifunga.