Tulivyojifunza Kusoma Hesabu za Kampuni

Akina mama wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, miaka kumi si mchezo.

Tulianza na sanduku la kufuli tatu. Mwaka wa pili akaja bwana mmoja na makaratasi ya rangi, akaahidi faida kila mwezi. Jamani, tukatoa! Hesabu za kampuni yake hatukuuliza. Pesa ile hatukuiona tena, na ndani yake ilikuwemo ada ya watoto.

Tukakata shauri: bila kuona hesabu, hatutoi hata senti. Kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, hutakiwa kutangaza hesabu zilizokaguliwa. Tukachukua za NMB na CRDB. Wengi wetu ni darasa la saba, tuliogopa. Kumbe mizania ni kama sanduku letu: huku mali, huku madeni na mtaji wa wenyewe.

Hisa za NMB ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2008 kwa sh. 600, za CRDB mwaka 2009 kwa sh. 150. Tukasema ya 150 ndiyo rahisi. Hapana! Gawanya kwanza faida ya mwaka kwa idadi ya hisa, ndipo ulinganishe na bei. Tena tazama miaka mitano, siyo mmoja. Mkaguzi kasema nini? Mikopo isiyolipika inaongezeka?

Hisa zetu bado chache, na hasara inaweza kuja. Lakini leo akija bwana wa makaratasi, hata mwanachama mpya atamwuliza: hesabu ziko wapi?