Jina la Mpatanishi: Miaka 60 ya Kenya Katika Migogoro ya Majirani

Jumatatu, Juni 24, 2024, Rais William Ruto alifika katika Chuo cha Kitaifa cha Polisi, Embakasi, akawakabidhi bendera ya taifa maafisa waliokuwa wakijiandaa kwenda Haiti. Walikuwa kundi la kwanza, karibu 400, na kazi yao ilikuwa kupambana na magenge yaliyoteka sehemu kubwa ya mji mkuu, Port-au-Prince. Kesho yake wa kwanza wao wakatua huko. Siku hiyo hiyo jijini Nairobi, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na polisi wakawamiminia risasi. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano hayo kote nchini.

Kutoka Donholm, mashariki mwa Nairobi, hadi chuo hicho si safari ndefu. Unashika Outering Road, unapita palipokuwa Taj Mall kabla ya kubomolewa mwaka 2018, kisha unaingia Airport North Road. Mitaa hii ya Eastlands imeishi ubavuni mwa sera ya kigeni ya Kenya kwa miaka mingi. Wanaokwenda kulinda amani ng'ambo hufunzwa kwenye kambi ya jeshi ya Embakasi. Wajumbe wanaokuja kupatana hushukia uwanja wa ndege ulio upande huu wa jiji. Nao waliokimbia vita vyenyewe, Wakongomani, Wasudan Kusini na Waethiopia, wamepanga vyumba katika ploti za Eastlands, wanalipa kodi kila mwezi na kupanda matatu na sisi.

Kenya si taifa kubwa duniani. Haina mafuta ya kutishia mtu wala jeshi la kuogopewa mbali. Kitu kimoja tu ndicho kimeipa uzito katika mabaraza ya dunia: mahasimu wamekubali kuja kuzungumza hapa, na wanaowindwa wamekubali kujificha hapa, kwa sababu waliamini hawatauzwa. Historia ya miaka 60 inaonyesha jinsi imani hiyo ilivyojengwa kwa taabu, na jinsi serikali moja baada ya nyingine ilivyoichezea.

Majaribio ya mwanzo

Kenya ilijiunga na Umoja wa Mataifa (UN) Desemba 16, 1963, siku nne tu baada ya uhuru. Haikupita hata mwaka kabla ya Jomo Kenyatta kupewa uenyekiti wa tume ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyotakiwa kutafuta suluhu ya vita vya Congo. Juhudi hizo zilisambaratika Novemba 1964, wanajeshi wa Ubelgiji waliposhushwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani.

Juni 1975, Kenyatta aliwakusanya Nakuru viongozi watatu wa Angola, Agostinho Neto, Jonas Savimbi na Holden Roberto. Walitia saini mapatano, na baada ya wiki chache wakarudi kupigana. Miaka 10 baadaye Daniel arap Moi aliwasimamia Tito Okello, mtawala wa kijeshi wa Uganda, na Yoweri Museveni, kiongozi wa waasi, walipotia saini mkataba wa amani jijini Nairobi, Desemba 17, 1985. Wino ulikuwa haujakauka vizuri Museveni alipoiteka Kampala, Januari 26, 1986.

Ingawa mikataba hiyo ilivunjika, tabia ilikuwa imeanza kujengeka: majirani wakipigana, walijua kuna mahali pa kuketi.

Mwezi mmoja wa enzi hizo unaonyesha jinsi taifa dogo linavyobanwa. Julai 1976, ndege za Israeli zilizowaokoa mateka Entebbe, Uganda, zilitua Embakasi kujaza mafuta zikielekea nyumbani. Idi Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa Uganda, na wengi wakauawa. Mwezi huo huo Kenya iliwazuia wanariadha wake kushiriki Olimpiki ya Montreal, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushindana ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Wakimbiaji waliokuwa wamejinoa kwa miaka minne walibaki bila mashindano. Msimamo juu ya haki una gharama, na Wakenya wa kawaida ndio walioilipa.

Sudan: kazi iliyokamilika

Kama kuna kazi inayoipa Kenya haki ya kuitwa mpatanishi, ni ya Sudan. Vita kati ya Khartoum na waasi wa SPLA vilikuwa vimeendelea tangu 1983. Kenya haikuvitazama kutoka mbali. Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana, ulikuwa umegeuka kituo kikubwa cha ndege za misaada kuanzia 1989. Kakuma ilifunguliwa 1992 kuwapokea wakimbizi, wakiwemo maelfu ya watoto wa kiume waliotembea mamia ya kilomita bila wazazi.

Mwaka 2001 Moi alimteua Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo kuongoza mazungumzo kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii. Julai 20, 2002, pande mbili zilitia saini Itifaki ya Machakos. Mapatano yenyewe yalikwenda kwenye kiini cha ugomvi: Kaskazini ingebaki na sheria za Kiislamu, na Kusini, baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita, ingepiga kura kuamua kama itabaki ndani ya Sudan au itajitenga. Hakuna upande uliopata kila ulichotaka, ila kila upande ulipata kile ambacho usingeweza kuishi bila hicho.

Moi aliondoka madarakani mwisho wa mwaka huo. Jambo la kupongezwa ni kwamba Mwai Kibaki, aliyeingia kwa tiketi ya kuupinga utawala wa Moi, hakuvunja meza ile. Alimwacha Sumbeiywo aendelee. Mazungumzo yakahamia Naivasha, na kuanzia Septemba 2003 John Garang, kiongozi wa SPLA, na Makamu wa Rais wa Sudan Ali Osman Taha wakaketi ana kwa ana, wakigawana mambo magumu moja baada ya jingine: majeshi, madaraka, maeneo ya mpakani. Katika mapato ya mafuta ya Kusini walikubaliana nusu kwa nusu.

Novemba 2004 Baraza la Usalama la UN lilihama New York kwa siku mbili na kuketi Gigiri, Nairobi, jambo lisilotokea mara nyingi. Garang na Taha waliahidi mbele yake kumaliza kabla ya mwaka kwisha, na Desemba 31 vipengele vya mwisho vikatiwa saini Naivasha. Siku tisa baadaye, Januari 9, 2005, mkataba kamili ulitiwa saini katika Uwanja wa Nyayo. Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011, na Julai 9 mwaka huo Sudan Kusini ikawa taifa.

Taifa hilo jipya liliingia vitani lenyewe Desemba 2013, na hilo ni huzuni kubwa. Lakini haliondoi ukweli kwamba mojawapo ya vita virefu zaidi barani vilimalizwa kwa kalamu ndani ya Kenya, kwa sababu kila upande ulimwamini mwenyeji.

Upande wa pili

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni aliyekuja Nairobi alipona.

Kuna wageni waliostahili mkono wa sheria. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, baadhi ya waliokuwa vigogo wa Rwanda waliishi Nairobi kwa raha. Julai 18, 1997, polisi wa Kenya, wakishirikiana na wapelelezi wa mahakama ya UN ya Arusha, waliwakamata saba kwa mpigo. Miongoni mwao alikuwa Jean Kambanda, waziri mkuu wa wakati wa mauaji yale, ambaye mwaka uliofuata alikuwa kiongozi wa kwanza wa serikali duniani kuhukumiwa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Walipelekwa mbele ya majaji, wakasomewa mashtaka, wakapewa mawakili. Hivyo ndivyo taifa linaloheshimu haki linavyomtoa mtu.

Linganisha na yaliyotokea Februari 15, 1999. Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi wa PKK, alikuwa amefichwa na ubalozi wa Ugiriki jijini. Alikamatwa akipelekwa uwanja wa ndege, akakabidhiwa kwa Waturuki bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote wa Kenya.

Januari 2017 ilikuwa zamu ya Wasudan Kusini wawili, wakili wa haki za binadamu Dong Samuel Luak na mwanasiasa wa upinzani Aggrey Idri. Walitoweka Nairobi, jiji ambalo walidhani ni salama kuliko Juba. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa UN lilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba walipelekwa Sudan Kusini na kuuawa huko.

Hata siku ya kuzaliwa kwa Katiba ilitiwa doa. Agosti 27, 2010, Uhuru Park, Kenya ilipozindua Katiba inayosema mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria zake, Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa ameketi jukwaani kama mgeni mheshimiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilikuwa imetoa hati ya kumkamata, na Kenya ilikuwa mwanachama wake. Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu aliamuru kwamba Bashir akikanyaga tena Kenya akamatwe.

Majaji wasimama

Uamuzi huo haukuwa wa pekee. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi kambini. Shirika la Kituo cha Sheria lilikwenda kortini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaitupilia mbali amri hiyo. Mwaka uliofuata ikaja Usalama Watch, operesheni ya Aprili 2014. Maelfu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakafungiwa Uwanja wa Kasarani. Wazazi walitenganishwa na watoto, na wenye vitambulisho halali walikaa ndani pamoja na wasio navyo. Februari 2017, serikali ilipotaka kuifunga Dadaab, Jaji John Mativo alizuia. Na Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Kitaifa la Usalama halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi. Serikali ikatafuta njia nyingine, ikatia saini mkataba na Haiti Machi 1.

Kwa hiyo si kweli kwamba haki za wageni ni jambo tuliloletewa na wafadhili. Zimeandikwa katika Katiba yetu na kutetewa na majaji wetu.

Kauli na matendo

Februari 21, 2022, Balozi wa Kenya Martin Kimani alizungumza katika Baraza la Usalama, Urusi ilipotambua maeneo mawili ya Ukraine kama mataifa huru. Alikumbusha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni London, Paris na Lisbon, na kwamba Waafrika walichagua kuishi nayo badala ya kumwaga damu kuibadilisha. Dunia nzima ilimsikiliza, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na Machakos na Naivasha.

Oktoba 9, 2024, Kenya ilichaguliwa kuingia Baraza la Haki za Binadamu la UN. Siku tisa baadaye, wakimbizi wa Kituruki walitekwa barabarani jijini Nairobi, na wanne wakarejeshwa Uturuki. Wizara ya Mashauri ya Kigeni ilikiri kwamba waliondolewa kwa ombi la Ankara. Novemba 16, Kizza Besigye, mpinzani mkuu wa Museveni, alitekwa akiwa Nairobi, na siku nne baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Kisha likaja la Sudan tena. Februari 2025 wanamgambo wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walipewa ukumbi wa KICC jijini Nairobi kuandaa mkataba wa kuunda serikali yao mbadala. Mwezi mmoja kabla yake, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba RSF imefanya mauaji ya kimbari. Serikali ilijitetea kwamba ilitoa jukwaa tu, bila kuegemea upande. Serikali ya Sudan haikukubali: ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, ikiwemo chai. Mzee wa kijiji akishapokea kuku wa upande mmoja, kesi hiyo haiamui tena. Miaka 20 baada ya Uwanja wa Nyayo, Kenya ilijinyima nafasi ya kuwapatanisha Wasudan.

Huko Haiti, polisi wa kwanza wa Kenya aliuawa Februari hiyo hiyo. Septemba 2025 Baraza la Usalama liliamua kikosi hicho kigeuzwe kuwa kikubwa zaidi chini ya mfumo mwingine. Waliokwenda walijitolea kwa ajili ya raia wasiowajua, na heshima hiyo ni yao. Lakini taifa linalotuma polisi kulinda maisha ng'ambo haliwezi kuwaruhusu wenzao wa nyumbani kuua vijana barabarani, kisha likatarajia kuaminiwa.

Dawa haihitaji mkutano wa kimataifa. Mtu yeyote anayetakiwa na nchi nyingine apelekwe kwanza mbele ya hakimu wa Kenya, mchana, akiwa na wakili. Kundi lenye silaha lisipewe ukumbi wa serikali kabla Bunge halijaelezwa kwa nini. Na askari anayemsimamisha Mkongomani jioni kwenye steji ya Donholm asome kibali chake badala ya kumpapasa mifuko. Mambo hayo matatu yako ndani ya uwezo wetu na ndani ya sheria zetu. Bila hayo, siku majirani watakapochoka kupigana watatafuta pa kuketi, na Nairobi haitakuwa kwenye orodha yao.