Maruge na hema ambalo filamu haikuonyesha
Wengi mnamjua mzee Maruge kupitia The First Grader, filamu ya 2010. Oliver Litondo alimwigiza vizuri mno, hilo sibishi. Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyepigana Mau Mau, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya shule za msingi kufanywa bure. 2005 akaongea Umoja wa Mataifa, New York.

Filamu inakomea kwa ushindi. Lakini ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimkuta, mali yake ikaibwa, akaishi kambini. Na bado alikuwa anaenda shule! Sisi wa Section 58 hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini. Showground hapa Nakuru ilijaa mahema 2008. Mzee alifariki 2009, kabla filamu itoke.

Mimi niliacha chuo, na watu hunichapa na jina lake: "Mzee wa 84 alirudi shule, wewe je?" Sawa, nimesikia. Lakini Maruge hakukosa bidii utotoni, alikosa nafasi. Na bidii yake haikumlinda 2008. Ukimtaja, basi mtaje mzima, na hema lake.