Matamshi ya Kiingereza, Ufundishaji wa (Kawangware)

Kawangware, mtaa ulio magharibi mwa Nairobi, mtoto huingia darasani na Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani: Kiluhya, Kikuyu, Kijaluo au nyingine. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana “ship” na “sheep” humtoka mwanafunzi kwa sauti moja.

Konsonanti nazo zina vituko vyake. Mkikuyu huchanganya l na r. Mjaluo, ambaye lugha yake haina sh, aweza kusema “fis” badala ya “fish”, na Mbukusu akaigeuza b kuwa p. Wenzake humcheka mwanafunzi kwamba “ameshrabu”, yaani ametamka kwa lafudhi ya lugha ya nyumbani, na kicheko hicho humfunga mdomo kuliko kosa lenyewe.

Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioenezwa nchini kuanzia 2015, ulitanguliza sauti za herufi: mwalimu hutamka, darasa humfuata, kisha wanafunzi hutamka peke yao. Mbinu nyingine rahisi ni kuweka vidole kooni: z hutetemesha koo, s haitetemeshi.

Ajabu ni kwamba katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, matamshi hutahiniwa kwa kalamu, ndani ya Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza.