Majiko ya nyumbani katika Uwanda wa Makonde

Jiko la nyumbani ni chumba, kibanda au sehemu ya ua inayotumika kutayarishia na kupikia chakula cha familia. Katika Kiswahili neno "jiko" lina maana mbili: mahali pa kupikia, na pia kifaa chenyewe cha kupikia, kama vile jiko la mkaa au jiko la gesi. Katika mazungumzo ya kawaida "kupata jiko" humaanisha pia kuoa.

Makala hii inahusu aina za majiko na mpangilio wake katika maeneo ya Newala na Masasi, Mkoa wa Mtwara, kusini mashariki mwa Tanzania. Uchaguzi wa jiko katika maeneo hayo hutegemea mambo manne hasa: upatikanaji wa maji, aina ya nishati, mwelekeo wa upepo na chakula kinachopikwa.

Mazingira

Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kwenye ukingo huo kuna genge linalojulikana kama Shimo la Mungu, ambapo ardhi inashuka ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Wakazi wengi wa maeneo hayo ni Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Udongo wa uwanda ni wa kichanga na maji ya mvua hupenya haraka, hivyo juu ya uwanda karibu hakuna mito ya kudumu. Kwa muda mrefu watu waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950 wakati wa utawala wa Waingereza, ulisukuma maji ya mabondeni hadi juu kwa mitambo, lakini uhaba wa maji umeendelea kuwa tatizo hadi karne ya 21.

Historia

Jiko la asili ni mafiga, yaani mawe matatu yanayobeba chungu juu ya moto wa kuni. Methali ya Kiswahili "Jifya moja haliinjiki chungu" imetokana na mpangilio huo. Moto uliwashwa ndani ya nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa nyasi, au nje wakati wa kiangazi. Moshi ulikuwa na faida moja: mahindi na mtama uliowekwa kwenye dari juu ya moto ulikauka na kushambuliwa kidogo na wadudu.

Mwaka 1906 mtaalamu wa ethnolojia kutoka Ujerumani, Karl Weule, alikaa Masasi na Newala. Kitabu chake kilichotolewa mwaka 1908 kinaeleza maisha ya wenyeji wa maeneo hayo.

Bati lilipoanza kuchukua nafasi ya nyasi, jiko lilizidi kutengwa na nyumba kubwa, kwa sababu moshi haupenyi kwenye bati kama unavyopenya kwenye nyasi, na huchafua kuta na dari. Siku hizi nyumba nyingi zina kibanda cha jiko nyuma, hata pale ambapo ramani ya nyumba ina chumba cha jiko ndani.

Aina za majiko kwa mahali

Jiko la nje lisilo na kuta. Ni mafiga au jiko la mkaa uani, pengine chini ya mwembe au mkorosho. Moshi hutawanyika kwa urahisi, lakini mvua za Novemba au Desemba hadi Aprili hulifanya lisitumike kila siku. Majani makavu ya mkorosho hushika moto upesi, hivyo eneo la jiko hufagiliwa.

Kibanda cha jiko. Ni jengo dogo lililotengwa na nyumba. Hufaa kwa kuni na mkaa. Kuta zikiishia chini ya paa na kuacha nafasi ya sentimita 30 hivi pande zote, moshi hupata njia ya kutoka.

Jiko la barazani. Hujengwa kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa la nyumba, likiwa na ukuta mfupi. Ni nafuu kuliko kibanda na hufaa kwa mkaa au gesi. Kwa kuni halifai, kwa sababu moshi huingia vyumbani.

Jiko la ndani. Ni chumba ndani ya nyumba. Hufaa kwa gesi na umeme, na huhitaji madirisha kwenye kuta mbili au dirisha na mlango vinavyotazamana.

Nishati

Kuni hutoka mashambani, zikiwemo zile zinazopatikana wakati wa kupogolea mikorosho. Jiko banifu la udongo hupunguza matumizi ya kuni kwa sababu moto umezungushiwa ukuta na joto haliendi bure. Likiwekwa dohani, sehemu kubwa ya moshi hutoka nje.

Maganda ya korosho hayafai kutumika kama kuni za jikoni. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Kwa sababu hiyo korosho zenye maganda hukaangwa nje, mbali na nyumba, mkaangaji akikaa upande unaotoka upepo.

Mkaa hutoa moshi kidogo kuliko kuni, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua. Hatari huongezeka miezi ya Juni na Julai, wakati Newala kuna baridi na baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Jiko lenye makaa halipaswi kuachwa katika chumba cha kulala, hata kama moto unaonekana umefifia.

Gesi ya mitungi huuzwa kwa kawaida katika mitungi ya kilo 6, 15 na 38. Watu wengine hudhani kwamba ndiyo gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 katika mkoa huohuo wa Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay ni methani hasa, husafirishwa kwa bomba na hutumika zaidi kuzalisha umeme. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Tofauti hiyo ina maana kwa mjenzi: methani ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu, ilhali gesi ya mitungi ni nzito na hutulia sakafuni. Jiko la gesi ya mitungi kwa hiyo linahitaji tundu la hewa karibu na sakafu, pamoja na dirisha. Mtungi husimamishwa wima, na uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Umeme hautoi moshi jikoni. Jiko la umeme huhitaji waya wake wenye uwezo wa kutosha, hivyo ni rahisi zaidi kulipangia kabla ya kupiga plasta.

Familia nyingi hutumia nishati zaidi ya moja: gesi kwa chai na mboga, kuni au mkaa kwa mbaazi na kunde zinazochemka muda mrefu. Sababu nyingine ni mapato. Fedha za korosho huingia baada ya minada ya msimu, kuanzia karibu Oktoba, na kujaza mtungi mwezi wa Juni kunaweza kuwa kugumu kuliko kununua mkaa kidogo kidogo.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034.

Mwelekeo wa upepo

Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki karibu Aprili hadi Oktoba, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki karibu Novemba hadi Machi. Kwa kuwa pepo zote mbili hutoka upande wa mashariki, kibanda cha jiko kikiwa magharibi mwa nyumba, moshi huelekea mbali na vyumba vya kulala kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahali penye kilima au ukingo upepo unaweza kugeuka, hivyo ni vizuri kuangalia moshi wa moto mdogo kabla ya kuchimba msingi.

Mpangilio wa ndani

Jiko la kisasa lililopangwa kwa vipimo lilipata umaarufu kupitia Jiko la Frankfurt, lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu majengo wa Austria Margarete Schütte-Lihotzky. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na kila kitu kilikuwa karibu na mpishi. Baadaye wataalamu walieleza pembetatu ya kazi: mistari inayounganisha jiko, sinki na mahali pa kuhifadhia chakula. Jumla ya pande zake hupendekezwa iwe kati ya mita 4 na 8.

Mipangilio ya kawaida ni hii:

- Ukuta mmoja: kila kitu kwenye mstari mmoja. Hufaa kwa baraza na vyumba vyembamba.
- Kuta mbili zinazotazamana: nafasi ya kupita iwe angalau mita 1.
- Herufi L: huacha pembe moja wazi kwa kinu, mbuzi ya kukunia nazi au meza.
- Herufi U: ina nafasi kubwa ya kabati, lakini huhitaji chumba kipana.
- Kisiwa: meza ya kazi katikati. Huhitaji chumba kikubwa na ni nadra katika nyumba za kawaida.

Meza ya kazi huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Kimo hicho hakifai kusongea ugali katika sufuria kubwa, kwa sababu msongaji huhitaji kuegemeza nguvu kutoka juu. Benchi fupi na imara kwa ajili ya jiko hutatua tatizo hilo.

Pembetatu ya kazi inachukulia kwamba maji yako bombani. Pale ambapo maji huja kwa ndoo, nafasi ya sinki huchukuliwa na mapipa au mitungi yenye vifuniko, na huwekwa karibu na mlango ili mbebaji asipite kando ya moto.

Maji ya mvua

Paa la bati lenye eneo la mita 1 ya mraba hukusanya takriban lita 1 kwa kila milimita ya mvua. Paa la mita za mraba 40 linaweza kukusanya karibu lita 4,000 katika mwezi wenye milimita 100, kabla ya kutoa kinachopotea. Tangi likiwa kwenye ukuta wa jiko huokoa safari nyingi. Mvua ya kwanza humwagwa kwa sababu husafisha vumbi la paa, na tangi huwekwa mbali na bomba la moshi.

Nafasi ya muhogo

Muhogo ni chakula kikuu, na sehemu kubwa ya matayarisho yake hufanyika nje: kumenya, kuloweka, kuanika makopa na kutwanga. Kinu huwekwa kwenye ardhi ngumu, si juu ya sakafu nyembamba ya saruji ambayo hupasuka.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla bila kupona, umewahi kuripotiwa katika Mkoa wa Mtwara, hasa pale ambapo ukame au njaa ilifanya watu wafupishe matayarisho. Njia mojawapo ya kupunguza sumu ni kulowanisha unga, kuutandaza kwa tabaka jembamba na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupika. Kwa hiyo kichanja na sehemu safi ya kuanikia ni sehemu ya jiko kama mafiga yenyewe.

Afya na usalama

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Huchangia nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu na mtoto wa jicho. Wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto walio karibu nao wakati wa kupika.

Moto wa chini huunguza watoto wadogo kwa urahisi. Ukuta mfupi kuzunguka mafiga, au jiko lililoinuliwa, hupunguza ajali hizo. Kibanda cha nyasi kinapaswa kuwa mbali kidogo na nyumba kubwa ili cheche zisiteketeze vyote.

Tazama pia

- Korosho
- Mkoa wa Mtwara
- Muhogo
- Newala
- Masasi
- Wamakonde