Nani Akabidhiwe Ufunguo?



Mururu ni nchi ya vilima katika wilaya ya Rusizi, uliokuwa mkoa wa Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Chini ya vilima hivyo unapita mto Rusizi ukitoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Hapo pana kituo cha mpaka, na maji ya mto huo yanaendesha mitambo ya umeme ambayo ya kwanza yake ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji. Mtu mmoja aliyekabidhiwa chumba cha mitambo anaweza kuitia miji gizani. Mwingine, mwenye muhuri wa kuvukia, anaweza kupitisha bunduki. Je, serikali imchunguze nani kwanza, na imchunguze kwa kipimo gani?

Historia ya Rwanda ina jibu, nalo ni chungu. Kufuatia hesabu ya watu ya 1933 na 1934, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Baada ya uhuru wa 1962 kadi ile ikageuka kuwa chombo cha upekuzi: mlango wa jeshi ukawa karibu umefungwa kabisa kwa Mtutsi. Hata miongoni mwa Wahutu wenyewe, vyeo vikubwa vya jeshi viliwaendea zaidi watu wa kaskazini, wa Gisenyi na Ruhengeri. Kijana wa Cyangugu hakuhitaji kuelezwa hayo.

Je, kipimo hicho kiliilinda serikali? Tarehe 5 Julai 1973 Rais Grégoire Kayibanda alipinduliwa. Aliyempindua hakuwa jasusi aliyevuka mto usiku, bali Jenerali Juvénal Habyarimana, waziri wake mwenyewe wa ulinzi. Aprili 1980 ikawa zamu ya Habyarimana kutishwa: Meja Théoneste Lizinde alikamatwa kwa tuhuma za njama. Huyu alikuwa mwenzake katika mapinduzi ya 1973, na muda mfupi kabla ya hapo ndiye aliyekuwa mkuu wa usalama wa taifa. Yaani mpekuzi mkuu ndiye aliyeshukiwa! Desemba mwaka huo huo Kanali Alexis Kanyarengwe, mtu wa Ruhengeri aliyepata kuwa waziri wa mambo ya ndani, alikimbilia Tanzania. Baadaye akawa mwenyekiti wa RPF. Wote hao kadi zao zilikuwa safi.

Kisha ukaja mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Julai na Agosti makundi makubwa ya watu yalivuka Rusizi kuingia Bukavu, na ndani yake walikuwamo askari na watumishi wa serikali iliyoshindwa. Kipimo kilichowapa kazi kiliuliza walizaliwa na nani. Hakikuuliza mikono yao ingetenda nini.

Baada ya hapo kabila likafutwa katika vitambulisho, na maelfu ya askari wa jeshi la zamani wakaingizwa katika jeshi jipya baada ya kupitia kambi za mafunzo ziitwazo ingando. Jenerali Marcel Gatsinzi, afisa wa jeshi lile la zamani, alikuwa waziri wa ulinzi kuanzia 2002 hadi 2010. Hatusemi kwamba hatua hiyo haikuwa na hatari. Tunasema kwamba swali lilikuwa limebadilika.

Basi upekuzi uanze na nafasi, ndipo umfikie mtu. Mfagiaji anayebaki peke yake jioni katika masijala ya siri astahili maswali mengi kuliko ofisa mwenye cheo anayetoa leseni za baiskeli. Ofisi inayogonga muhuri wa siri kwenye kila karatasi, hata ratiba ya chai, huwachosha wapekuzi wake kwa mambo ya bure, na mwenye funguo hapati wa kumtazama.

Jambo la pili ni muda. Baada ya maasi ya kambi ya Colito ya 20 Januari 1964, Tanganyika ililivunja jeshi lililorithiwa kwa Waingereza. Jeshi jipya lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, na vijana wake wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Ulikuwa uchaguzi wa makini kwa wakati wake. Hata hivyo, Januari 1983 baadhi ya maafisa wa jeshi hilo walikamatwa kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Madeni, kinyongo cha cheo na marafiki wapya havimo katika fomu aliyoijaza mtu akiwa na miaka 20.

Kwa hiyo mkuu wa kituo, kiwe Mururu au penginepo, akifungua jalada la mwenye funguo atazame kwanza tarehe ya uchunguzi wa mwisho, kisha ajiulize ni nani aliyeufanya, na huyo naye alichunguzwa lini.